Mzee Kipaza Anaiaga Foleni ya Nusu

Hamjambo nyumbani kwa Mzee Kipaza? Naanza na mama mwenye nyumba: shikamoo mama, na ahsante kwa kutuazima mume miaka yote hii. Bibi anayeumwa miguu, tunakuombea nafuu. Binti mshonaji, kaka yake dereva, na wale wajukuu pacha wasioishiwa ugomvi, nyote salamu. Sisi huku ofisini wazima, ila roho zimetushuka.

Mzee wetu ametumikia ofisi hii ya posho za wasio na ajira miaka ishirini na tisa, na Ijumaa hii anastaafu. Alianza akiwa mlinzi wa mlango. Wakamhamishia dirishani kwa sababu ya sauti yake: akimnong'oneza mtu siri, mimi mpika chai naisikia yote nikiwa jikoni. Jina la Kipaza likaanzia hapo.

Enzi hizo ukumbi ulikuwa na mabenchi ya mbao, feni moja inayolia kama mbuzi, na foleni moja ya watu wote. Kisha ikaja sheria ya umri. Aliyefika miaka ishirini na mitano, posho nzima. Aliye chini ya hapo, nusu, eti wazazi wanamlisha. Foleni zikawa mbili, nasi tukaziita Nzima na Nusu. Mzee akapewa dirisha la Nusu. Kila kijana aliyefika dirishani aliulizwa kwanza kama amekunywa chai. Mkuu wa zamani akamkanya, hapa si hotelini. Mzee akamjibu, "Kwani na tumbo lao ni nusu, bosi?"

Binti yangu naye yuko Nusu, ana miaka ishirini na miwili na mtoto mgongoni. Ni kweli namlisha. Lakini maziwa ya mtoto yakishanunuliwa, mimi na yeye tunabaki kutazamana.

Mwezi uliopita akaja mkurugenzi mpya, uso laini, hana hata tai. Mzee akamwona anazubaa mlangoni. "We kijana, mbona unarandaranda? Nusu ile pale, kaa!" Mkurugenzi akakaa. Akabanana asubuhi nzima kati ya binti yangu na fundi bomba mmoja mdogo aliyepunguzwa kazini, akasikia wanavyoishi. Zamu yake ilipofika akajitambulisha, na Mzee akakosa sauti kwa mara ya kwanza. Tulicheka hadi machozi.

Mkurugenzi hakukasirika. Amemwomba Mzee, ingawa atakuwa ameshastaafu, waende pamoja Jumatatu kwenye kikao kinachoipitia upya sheria hiyo, akawasemee vijana.

Mzee wetu, ahsante sana. Upumzike salama, ule ushibe, wajukuu wakuchoshe kidogo tu. Ila nakuomba kama mzazi mwenzangu: kikao kikiisha, usingoje kufika nyumbani. Tupigie hapo hapo mlangoni utuambie wamesemaje. Mimi na binti yangu tutakuwa tumekaa na simu.