Mwalimu Gervas Songoro, Aliyemzunguka Jirani kwa Upande wa Kusini

Marehemu Mwalimu Gervas Songoro alizaliwa Mbweni tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa mwisho wa Mzee Songoro, seremala, na Bi Anastazia. Alisoma Mbweni na mjini, akahitimu ualimu mwaka 1973, na kwa miaka thelathini na minane alifundisha historia katika skuli za Unguja.

Jumapili alifundisha watoto wa kanisani, na huko alikuwa na somo alilolipenda kuliko yote: Mfalme Asa wa Yuda. Baasha wa Israeli alikuwa anajenga Rama ili mtu asitoke wala asiingie kwa Asa. Asa hakwenda kupigana naye. Alipeleka fedha na dhahabu kwa Ben-hadadi wa Shamu, Ben-hadadi akaivamia Israeli kutoka kaskazini, na Baasha akaacha ujenzi wake. Watu wa Asa wakabeba mawe ya Rama wakajengea miji yao. Mwalimu alichora ramani kwa chaki sakafuni, akawasimamisha watoto kuwa majeshi. Siku moja aliyekuwa Baasha alianza kulia: "Mwalimu, mbona wanakuja kote kote?" Mwalimu alicheka hadi akakaa chini. Yule nabii aliyekuja kumkemea Asa kwa kumtegemea mfalme mgeni badala ya Mungu, darasa lile halikumfikia hata mara moja. Muda ulikuwa unakwisha.

Mwaka 1979 alimwoa Bi Felista, fundi cherehani, wakahamia Ng'ambo katika nyumba hii ambayo tumekusanyika uani kwake. Walijaliwa mtoto mmoja, Modesta, ndiye anayewasomea. Nyumba ina njia moja, huo uchochoro mliopita. Mwaka 2015 jirani, ambaye jina lake hatukulichapisha kwa kuwa mnamjua na yumo humu, aliuziba kwa ukuta wa matofali, ati kiwanja ni chake. Kesi ikaenda ikirudi. Familia ikawa inapita jikoni kwa Bi Zuleikha, jirani wa nyuma, Mungu ambariki. Bi Felista aliugua ghafla, akachelewa kufikishwa hospitali kwa njia hiyo; alipofariki, tarehe 9 Februari 2016, hata jeneza lake lilipita humo, likiinamishwa katikati ya masufuria. Mwalimu hakulia. Alimwambia binti yake, "Huyu ntamtia adabu."

Kupambana na jirani mlango kwa mlango asingeweza. Jirani ana watoto wa kiume watano. Lakini huko Kizimkazi, kusini, alikuwapo dada wa jirani huyo, Bi Mwanapili, aliyedhulumiwa na kaka yake huyo huyo minazi ya baba yao. Mwalimu alichukua kidani cha dhahabu cha marehemu mkewe, akakifunga kwenye leso, akampelekea. Kidani hicho kilikuwa kiwe cha Modesta. Hakuulizwa.

"Bi Mwanapili, kadai minazi ya baba yako."

"Na wewe utapata nini, Mwalimu?"

"Mimi ntapata wiki moja."

Bi Mwanapili alipeleka waanguaji shambani Jumatatu. Jirani kusikia nazi zinaanguka, akakusanya wanawe wote watano wakakimbilia kusini. Kabla ya Alkhamisi, wanafunzi wa zamani wa Mwalimu walikuwa wameubomoa ukuta wote, na matofali yakajengewa baraza. Kila asubuhi alikaa hapo na chai yake, uso kwa uso na mlango wa jirani, na roho yake ilitulia. Bi Mwanapili alipata minazi yake. Leo amekuja kuzika nasi, na kidani amekivaa.

Mwalimu aliugua sukari tangu mwaka 2019. Kidonda cha mguu kikakataa kupona, na mwezi wa Juni 2023 alikatwa mguu. Asa naye, uzeeni, aliugua miguu. Mwalimu alilijua hilo na hakutaka litajwe. Asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2025 alibanwa na pumzi. Jirani alileta gari yake hadi mdomo wa uchochoro, akaingia ndani, akanyoosha mkono. Mwalimu akasema, "Gari yako siipandi." Tulimsihi. Gari nyingine ilifika baada ya dakika ishirini, ikamkuta keshakata roho.

Modesta anasema wazi: aliyejenga ukuta ule amemchukulia mama na baba. Padri ameshauri aya ya msamaha iwekwe hapa. Marehemu aliikataza kwa mdomo wake.

Ameacha mtoto mmoja, wajukuu watatu, na dada yake, Bi Monika wa Mbweni. Jeneza litabebwa na wanafunzi wake. Jirani ameomba naye aweke bega. Familia imekataa, anaombwa abaki alipokaa.

Mwalimu, Mungu akupumzishe kwa amani. Amani ya jirani tunayo sisi, na leo hatuitoi.