Mama Herufi, Aliyeufuata Uvumi kwa Miguu

Ndugu, jamaa na majirani mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, yule fundi umeme, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Herufi. Dada yangu mkubwa ni mwalimu na angesoma vizuri kuliko mimi, lakini alisema ndani ya habari hii kuna mahali ambapo hapafai kusomwa na mtu mwingine, na tukifika hapo mtaelewa kwa nini.

Mama alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa mpishi wa shule ya bweni na mama yake mshonaji. Kusoma alijifunza kabla hajapelekwa shule, na kitabu chake cha kwanza kilikuwa vipande vya magazeti ambavyo mwenye duka alifungia sukari na chumvi, ila magazeti hayo yalichanwa katikati, habari ikakatika pale pale inapokolea, naye akawa anarudi dukani na karatasi mkononi kuuliza nusu ya pili amefungiwa nani. Mama yetu mkubwa, dada yake marehemu, aliyeketi pale mbele, anakumbuka siku ambayo mama alipita nyumba tatu akitaka kujua kama mwizi wa ng'ombe alifungwa au aliachiwa, akakuta nusu ile imeshawashiwa moto jikoni, akalia kama aliyenyang'anywa chakula.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, akamaliza la nane Desemba 1966, kisha akakaa nyumbani miaka miwili kwa sababu zamu ya kusomeshwa ilikuwa ya kaka zake, jambo ambalo hakulilalamikia ila pia hakulisahau. Mnamo Februari 1969 alipata kazi ya ufagizi katika kiwanda cha uchapaji kilichochapa gazeti la kila siku, na wakati ule maneno ya gazeti yalipangwa kwa mkono, herufi moja moja za madini ya risasi, nyingi zikidondoka chini ya meza. Badala ya kuzizoa na takataka, mama aliziokota, akazifuta, akawa anazirudisha kila moja katika kisanduku chake, mpaka siku moja msimamizi akamkuta anafanya hivyo bila kutazama, akamuuliza, "Nani amekufundisha?" Mama akamjibu, "Sakafu."

Tarehe 3 Julai 1972 alipewa meza yake mwenyewe, akawa mwanamke wa kwanza kupanga herufi pale kiwandani, na kwa kuwa herufi hupangwa kinyumenyume, kama maandishi yanayoonekana katika kioo, alizoea kusoma karatasi iliyogeuzwa upande wowote. Sisi wanawe tuliteseka kwa kipaji hicho, maana alipoitwa shuleni kwa ajili ya utundu wetu, alikuwa ameshaisoma barua ya mwalimu mkuu kutoka upande wa pili wa meza kabla mwalimu mkuu hajakohoa.

Kazini hakukosa kukosea, na mwenyewe alitusimulia bila kuona haya kwamba mwaka 1978 alichanganya maelezo ya picha mbili, bibi harusi akaandikwa kuwa ndiye mshindi wa maonyesho ya mifugo kwa uzito na unene wa shingo, na fahali akatakiwa maisha mema ya ndoa. Wahariri walitaka kuandika masahihisho mistari miwili ukurasa wa ndani, yeye akaona mistari miwili haitoshi, akaenda kwa miguu hadi nyumbani kwa bibi harusi kuomba radhi, na wakawa marafiki hadi bibi yule alipofariki.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975 na baba yetu, dereva wa gari la kusambaza magazeti, mtu aliyependa kujisifu kwamba yeye peke yake ndiye anayezitangulia habari, kwa kuwa habari zote zilikaa nyuma ya gari lake. Mungu aliwajalia watoto watatu, dada yetu mwalimu mwaka 1977, mimi mwaka 1980, na mdogo wetu muuguzi mwaka 1984. Baba alitutoka tarehe 9 Agosti 1998, na mama hakuolewa tena, akisema nyumba ilikwisha kumzoea yeye na maswali yake.

Mwaka 1991 kompyuta ziliingia kiwandani, wenzake wakazinunia kama mke mwenza, lakini mama alivuta kiti akakaa nyuma ya kijana aliyeletwa kuziendesha, akataka kujua herufi inakaa wapi kabla haijatokea kwenye kioo. Kijana hakuwa na jibu, na mama alisema baadaye kwamba hilo lilimshangaza kuliko mashine yenyewe, kwamba mtu anaweza kufanya kazi kutwa nzima na kitu asichojua kinakaa wapi. Pamoja na udadisi huo, tarehe 30 Juni 1993 alipunguzwa kazi pamoja na wenzake kumi na tisa, akiwa na umri wa miaka arobaini na miwili.

Miezi miwili baadaye alifungua meza ya magazeti karibu na lango la hospitali, kando ya fundi viatu, akaweka na benchi, na benchi hilo ndilo lililokuwa chuo chake kikuu. Aligundua kuwa wanaume huanza kusoma ukurasa wa michezo huku wakijifanya wanatafuta wa siasa, kwamba mtu akisoma kwa sauti watu sita husikiliza na wawili hubisha, na kwamba wabishi wakikaa benchi moja hawawezi kutukanana sana, kwa sababu magoti yao yanagusana. Ugomvi ukizidi alikuwa akisema, "Someni mstari unaofuata, kisha mgombane."

Kuanzia mwaka 2010 hivi benchi lilianza kupungua watu, kwanza vijana, kisha watu wa makamo, hadi akabaki fundi viatu na mstaafu mmoja aliyekuja kusinzia. Mama hakulaumu mtu, ila alitaka kujua watu wamehamia wapi, na alipoambiwa kwamba wamo ndani ya simu, alimwendea dada yetu akamwambia, "Nami nipelekeni huko, nikaone wanakaaje." Alifunga meza Machi 2014, akapewa simu, akajifunza kuitumia kwa muda wa wiki tatu, na mwaka 2015 mwenyekiti wa mtaa alipoanzisha kundi la majirani, mama alikuwa mtu wa tisa kuingia, akawa anatuuliza maswali ambayo sisi tuliozaliwa baadaye hatukuwahi kujiuliza, kwa mfano kwa nini mtu mpole akiandika anakuwa mkali, na kwa nini watu mia mbili wakisoma habari moja kila mmoja anakuwa peke yake.

Sasa nimefika mahali pangu.

Jumanne tarehe 14 Mei 2019 mwanangu alikuwa anakohoa, nikamnunulia dawa ya maji kwenye duka la dawa la hapa mtaani, na nilipotazama tarehe kwenye chupa sikuielewa, nikaipiga picha nikaituma kwa mafundi wenzangu nikiandika, "Jamani, hii dawa imepita muda, au ni mimi sijui kusoma tarehe?" Mmoja alinijibu baada ya dakika chache kwamba ile ni tarehe ya kutengenezwa na dawa ni nzima, nikashukuru, nikampa mtoto dawa, nikasahau. Alhamisi jioni picha ile ile iliingia kwenye kundi la mtaa ikiwa na maneno haya, "Duka la dawa la kwetu limeua watoto wawili. Sambaza kabla hawajafuta." Kabla ya giza kuingia watu walikuwa wamelizunguka duka, vioo viwili vikavunjwa, mwenye duka akatolewa mlango wa nyuma pamoja na mkewe na binti yake, na mwenyekiti akatangaza mkutano wa Jumapili wa kuamua kama wafukuzwe mtaani.

Mimi niliitambua picha, nikanyamaza, na hiyo ndiyo kweli yenyewe, nilinyamaza siku mbili.

Mama hakujua kitu kuhusu picha, lakini Ijumaa asubuhi alichukua daftari, akavaa viatu vyake vya kutembelea, akaenda kwa mtu aliyeutuma ujumbe kundini, akamuuliza kwa adabu yeye ameupata kwa nani na ulipofika kwake ulikuwa umeandikwaje, akanakili, kisha akaenda kwa huyo aliyetajwa. Wengine walimcheka, wengine walimfungia mlango, na kinyozi mmoja alimwambia, "Mama, unajisumbua, lisemwalo lipo." Mama akamjibu, "Najua lipo, mwanangu, lipo kinywani mwa aliyelisema, basi nielekeze kwake." Kinyozi akatoa simu.

Alipita kwa watu kumi na watatu siku mbili, mara mbili akapotea njia akaanza upya, na katika daftari ukiusoma ujumbe kutoka mwisho kwenda mwanzo unaona watoto wawili waliokufa wanakuwa mtoto mmoja aliyelazwa, aliyelazwa anakuwa anayeweza kudhurika, na hatimaye hakuna mtoto, kuna chupa tu. Mtu wa tano tangu mwanzo ndiye aliyeondoa alama ya kuuliza, na alipoulizwa sababu alisema hakuwa na nia mbaya, alikuwa na haraka. Mtu wa kumi na tatu katika safari ya mama alikuwa fundi mwenzangu, naye alimwambia, "Mama, mimi nimeletewa na mwanao."

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa mezani nakula alipoingia, akaweka daftari kando ya sahani, akakaa. Akaniuliza, "Uliandikaje?" Nikamwambia neno kwa neno. Akaandika, akaweka alama ya kuuliza mahali pake. Nikamwomba, nikamwambia, "Mama, useme umefika hadi kwa fundi mwenzangu, inatosha, tusijitie aibu." Akanijibu bila kupandisha sauti, "Ulichouliza hakina aibu. Ulichonyamazia ndicho chenye aibu, na hicho siwezi kukubebea."

Jumapili tarehe 19 Mei alisimama mkutanoni, akausoma ujumbe mara kumi na nne, kila mara kama ulivyokuwa katika mkono mwingine, bila kumtaja mtu, na mwanzoni watu walicheka, kisha wakaanza kuinamisha vichwa mmoja mmoja, kila aliyesikia sentensi yake. Alipoifikia ile ya mwanzo kabisa, yenye alama ya kuuliza, alifunga daftari na kusema, "Hii imetoka nyumbani kwangu." Nikasimama. Mwenye duka la dawa, ambaye yuko nasi hapa na ameniruhusu niseme, hakunikumbatia, aliuliza tu, "Na binti yangu aliyeogopa kwenda shule, nani atamrudisha?"

Jumatatu asubuhi mama alikwenda nyumbani kwao, akamshika binti mkono, akampeleka shule kwa miguu akipita katikati ya mtaa, na akafanya hivyo kila asubuhi hadi muhula ulipokwisha. Mimi niliweka vioo na kurekebisha taa za duka, na mwenye duka alikaa miezi saba bila kuitikia salamu yangu, ambayo niliendelea kumpa.

Kundi la mtaa mama hakulihama, wala hakusema simu ni mbaya, maana alikumbuka kwamba hata herufi za risasi ziliwahi kumwoza fahali. Alichofanya ni kuwaomba majirani jambo moja, kwamba habari yoyote inayoweza kumuumiza mtu iende kwanza kwa mwenyewe, kwa mdomo, kabla ya kwenda kwa wengine, na wengine walikubali kwa moyo, wengine kwa kuogopa kutembelewa na daftari.

Tarehe 2 Februari 2023 alipatwa na kiharusi kilichochukua upande wake wa kulia na sehemu ya usemi wake. Alipopata nafuu alimwomba daktari amwonyeshe picha ya ubongo wake, akataka kujua mahali herufi zinapokaa, na daktari, tunamshukuru sana, alivuta kiti akamwonyesha kwa kidole. Aliendelea kusoma habari kwa simu akitumia dole gumba la kushoto, na mwezi uliopita alimtuma mdogo wetu amuulize jirani mmoja kama kweli paka wake amezaa watoto tisa. Walikuwa sita. Hali yake ilibadilika tarehe 8 Novemba 2024, na Jumatatu tarehe 11 Novemba, saa moja na dakika ishirini asubuhi, aliaga dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, ameacha watoto watatu na wajukuu wanane.

Asubuhi ile niliandika kwenye kundi la majirani kwamba mama yetu amefariki, nikasubiri pole, na pole hazikuja. Badala yake simu ilianza kuita. Kinyozi aliuliza, "Umeandika wewe mwenyewe, au mtu ameshika simu yako?" Mwenyekiti akapiga, kisha jirani wa pili, kisha wa tatu, wote wakiuliza kama ni kweli, nami nikaona wananitonesha kidonda, nikakata simu. Halafu mlango ukabishwa. Alikuwa mwenye duka la dawa, ameliacha duka wazi, amekuja mbio na koti lake jeupe, akasimama kizingitini akasema, "Nimesoma. Sijamwambia mtu. Nimekuja kuuliza kwako kwanza." Hapo nilitamani, kuliko nilivyowahi kutamani kitu chochote, kumwambia kwamba si kweli. Nikamwambia, "Ni kweli, kaka." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka kwa mdomo. Akaingia, akakaa karibu nami, na wengine wakaanza kufika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia mama miezi ishirini na moja, wenzake wa kiwandani waliosalia, fundi viatu aliyelitunza benchi, mwenyekiti na majirani wote, na ninyi mliopiga simu asubuhi ile nami nikawakatia, naomba mnisamehe.

Mama, ukweli uliokuwa ukiutafuta hapa duniani tumeusoma mbele ya watu bila kuupunguza, sasa pumzika, na upumzike kwa amani.