Historia ya Deanna Bonvicini, Aliyetaka Ipigwe Kura

Mheshimiwa Meya, viongozi na wanachama wa Chama cha Umoja wa Kazi, majirani wa Corte Vallona, walimu na wazazi wa chekechea, na ninyi nyote mliofika katika ukumbi huu wa chama, Nyumba ya Watu, asubuhi hii ya Ijumaa, tarehe 15 Machi 2019, familia ya Bonvicini na familia ya Galaverni zimenipa mimi, mtoto wa kaka wa marehemu, dhamana ya kuwasomea safari ya maisha ya shangazi yangu Deanna, naye aliniagiza kwa kinywa chake niisome kama ilivyokuwa, bila kumpamba.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1946, katika nyumba ya vibarua chini ya tuta la mto Po, akiwa mtoto wa pili wa Amos Bonvicini, mkata miti ya mipopla, na Argia, ambaye kila mwaka alikwenda mkoa wa Piemonte kupalilia mpunga na kuwaacha watoto wake kwa jirani yeyote aliyekuwa na nafasi, jambo ambalo shangazi hakulisahau. Alisoma shule ya msingi hapa hapa mjini, kisha akajiunga na chuo cha ualimu Reggio Emilia, akahitimu mwezi Julai 1964, lakini kazi ya ualimu haikuwepo, hivyo akafuma sweta katika karakana kwa miaka kadhaa, na huko ndiko alikojiunga na chama, katika mrengo wake wa kushoto.

Mrengo huo ulidai mji ujenge chekechea zake wenyewe, ziendeshwe na mji na zipokee mtoto wa kila mtu, chama kikaafiki, na tarehe 2 Oktoba 1972 chekechea ya kwanza ikafunguliwa, marehemu akiwa mmoja wa walimu wake wanne. Tangu siku hiyo aliamini kwamba wachache wanaweza kukigeuza chama kizima, imani aliyobishana juu yake na mumewe kwa maisha yao yote.

Alifunga ndoa na Ermes Galaverni, fundi wa matrekta, tarehe 25 Septemba 1971, mbele ya meya wa wakati huo, na Mungu akawajalia watoto wawili, Morena mwaka 1973 na Libero mwaka 1977, na wajukuu watatu. Mzee Ermes alikuwa wa upande wa wengi, akawa katibu wa tawi, kisha mwenyekiti, kwa hiyo wawili hao walikuja mikutanoni kwa pikipiki moja na kuketi pande mbili za ukumbi huu, na waliporudi nyumbani waliendelea pale walipoishia. Shangazi akisema kwamba mrengo wake ndio ulioleta chekechea, mzee alimjibu kwamba kilicholeta chekechea ni hazina ya mji iliyokuwa imenona mwaka ule, na kwamba mrengo wa kushoto ulikuwa umepanda tu kwenye gari lililokwisha kuwashwa. Katika tamasha la chama la kila Agosti wafuasi wa mrengo ndio waliokanda unga na kujaza cappelletti, vitambi vidogo vya nyama, kuanzia alfajiri, ilhali mjadala wao ulipangwa Jumanne, siku ambayo watu hubaki nyumbani, na shangazi alipolalamika, mzee alimwambia kwamba chama kinawategemea mno, hasa wakati wa chakula.

Wanachama mliopo mnaifahamu desturi ya tawi letu, lakini naieleza kwa ajili ya wageni. Mrengo wa kushoto ukileta azimio, mwenyekiti husimama, hulisifu, kisha hutamka kwamba mkutano umelipokea kama pendekezo, ukumbi hupiga makofi, mtoa hoja hushukuru, na hakuna anayeinua mkono, kwa sababu kilichokwisha kupokewa kinaonekana hakihitaji kura. Mwaka 1998 marehemu alileta azimio kwamba hakuna hata moja ya chekechea nne za mji itakayokabidhiwa kwa kampuni binafsi, likapokewa kwa makofi marefu, naye akarudi nyumbani akiimba, na mwezi Septemba chekechea ya mtaa wa mashariki ikakabidhiwa kwa kampuni, kwa uamuzi wa madiwani wa chama hiki hiki. Alipomuuliza mumewe imekuwaje, mzee hakumficha, akamwambia, "Deanna, kupokewa si kupitishwa. Miaka yote hii chamani, mke wangu, ulidhani tunafanyaje?"

Shangazi alisema baadaye kwamba sentensi hiyo ilimfunza siasa kuliko mikutano yote. Mwaka uliofuata alilirudisha azimio lile lile, mzee Ermes akiwa kwenye kiti, na lilipopokewa hakushukuru, bali alibaki amesimama, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, sitaki lipokewe. Nataka lipigiwe kura." Mzee akamuuliza kura ya nini na wote wamekwisha kukubali, naye akajibu kwamba kama wote wamekubali basi mikono haitakuwa mizito, na hapo sauti moja ya nyuma ikauliza, "Mwenyekiti, leo utakula wapi?" ukumbi ukacheka mpaka kengele ikagongwa.

Kura ilipigwa, azimio likaanguka kwa kura chache, lakini kwa mara ya kwanza kila mtu aliona mkono wa kila mtu, na akina mama wa mji wakajua waende kugonga mlango wa nani. Mwaka huo baraza lilikabidhi chekechea moja tu badala ya mbili zilizopangwa, na ya tatu ikafuata mwaka 2006, ikabaki moja, ile ya kwanza. Shangazi alishikilia kwamba iliyobaki iliokolewa na kura ile, na mzee alishikilia kwamba iliokolewa na uchaguzi uliokuwa umekaribia. Sisi wa familia tumewasikiliza wote wawili kwa miaka ishirini, na ukweli ni kwamba hatujui.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2004, akaendelea kukanda unga na kuandika maazimio, na mwezi Novemba mwaka jana akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa hospitali ya wilaya mara mbili, na tangu Februari hakuweza tena kutoka nyumbani. Wakati huo huo ilitangazwa kwamba chekechea ya mwisho nayo itakabidhiwa, na kwa kuwa kanuni za tawi haziruhusu mtu kumpigia mwenzake kura, alimwita mumewe kando ya kitanda, mimi nikiwepo, akamwambia, "Ermes, sikuombi mkono wako, mkono ni wako. Nakuomba uombe kura, basi."

Tarehe 1 Machi mzee alisimama humu na kulisoma azimio la mkewe kwamba chekechea hiyo isikabidhiwe, mwenyekiti wa sasa akamsifu shangazi kwa maneno mazuri na kutamka kwamba mkutano unalipokea kwa moyo mmoja, makofi yakaanza, na mzee akasubiri yaishe, kisha akasema, "Kijana, maneno hayo niliyasema mimi kwenye kiti hicho kabla hujaota ndevu. Najua yanapoishia. Hesabu mikono." Mikono ikahesabiwa, wa kwake ukiwa miongoni mwa iliyoinuliwa, na azimio likapita.

Asubuhi iliyofuata shangazi alitaka kutajiwa jina la kila aliyeinua mkono, akacheka kwa mawili ambayo hakuyatarajia, na lilipotajwa la mumewe alimshika mkono ule ule na kukaa nao. Binti yake Morena alipofungua chupa ya mvinyo, alimzuia, akasema kwamba tawi limesema lakini wenye kuamua ni madiwani, na kwamba asishangiliwe kabla hawajaketi. Alifariki dunia nyumbani kwake, Jumanne tarehe 12 Machi 2019, saa nne asubuhi, mumewe na watoto wake wakiwa naye.

Chama kimeiomba familia ruhusa ya kusema leo kwamba Deanna Bonvicini aliongoza njia ya chama hiki, nasi, baada ya kushauriana na mzee Ermes, tumejibu kwa heshima kwamba hilo bado hatuna haki ya kulisema. Baraza la mji litaketi Alhamisi ijayo, tarehe 21, saa kumi na mbili jioni, milango ikiwa wazi kwa kila raia, na familia yote itakuwa safu ya mbele, mzee akiwa katikati.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya wilaya, muuguzi aliyekuja nyumbani kila jioni, majirani walioleta mchuzi wa kuku hata siku ambazo hakuweza kumeza, walimu wenzake wa zamani, na wanachama wa pande zote mbili za ukumbi huu, waliolibeba jeneza pamoja leo.

Pumzika kwa amani, shangazi. Mikono tutaihesabu sisi.