Ng'ombe wa Ziwani na Ndoto ya Padri

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja juu ya mapipa mawili, kando ya barabara ya Kalundu, hapa Uvira, na kahawa ya Mama Honorine ndiyo inayowaweka watu pale tangu alfajiri. Asubuhi hiyo Pontien, mwalimu wa darasa la pili, hakuja kunywa. Alikuja na karatasi za hadithi yake mapajani na uchungu kifuani. Padri anayechapa vitabu Usumbura alikuwa amezirudisha: hadithi nzuri, ila ng'ombe hawezi kutoka ziwani akasema na watu. Mwalimu aongeze mwishoni kwamba ilikuwa ndoto, nayo itachapwa. Kamio, lori la kwenda huko, ilikuwa inapakiwa ng'ambo ya barabara. Hadithi ilikuwa ya marehemu mama yake, mtu wa Rurambo, na hakubaki mwingine aliyeijua yote.

— Weka ndoto, alisema André. Walimwita Mahakama, maana alishinda kortini kila siku bila kuwa na kesi. Akaongeza: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Weye unataka kuchapwa, basi inama.

Walicheka mpaka Mama Honorine akaweka birika chini. Pontien hakucheka. Kuchapwa kwa namna hiyo alikujua tangu utotoni.

Mahakama hakuishia hapo. Kwake hadithi isiyo na shahidi ni kosa, na alitaka kila fisi anayesema hadithini aitwe kortini, aape, ataje jina la baba yake na kijiji anakolipia kodi.

Eugène, aliyewahi kushika usukani wa meli na kubaki na jina la Kapiteni, akakataa katakata. Hadithi za maajabu ndizo za kwanza duniani, alisema. Habari za kweli zilikuja nyuma, tena zilikuja pamoja na hiyo kodi. Pontien alitikisa kichwa kukubali, na hilo likawa kosa, kwa sababu Kapiteni akisifiwa hashikiki. Akasema watu wa kwanza walikuwa bubu. Ng'ombe ndio waliosema, watu wakajifunza kwao, kisha wakaona haya kuwa wanafunzi wa ng'ombe, wakabuni neno uongo.

— Mkuki kwa nguruwe mtamu, alimalizia, na nguruwe alitoka wapi hakuna aliyejua.

— Sasa ng'ombe iko kimya juu ya nini? aliuliza Mahakama.

— Iko na kasirani. Weye uliisalimiaka siku gani?

Shofere wa kamio akapiga honi. Pontien akatoa kalamu. Aliwaza watoto wa Kiringye hadi Usumbura wakisoma maneno ya mama yake, kisha akawaza mchwa wakizila karatasi zile. Roho ilimuuma, lakini akaanza kuandika mwishoni ile ndoto: "Kumbe".

— Mwalimu, hiyo hadithi inasema nini?

Aliyeuliza ni Pudentienne, mama wa Runingu, aliyetua kikapu chake cha muhogo kusubiri kamio hiyohiyo. Kijiwe kizima hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo. Pontien akamweleza. Mwaka wa njaa ng'ombe alitoka ziwani, akawaambia watu wamkamue, ila wamwachie maziwa yule ambaye hajafika bado. Kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, kikakesha kumlinda ng'ombe. Kulipokaribia kucha wakakamua yote, kila mtu akanywa, naye ng'ombe akarudi majini wote wakimwona.

Pudentienne alisikitika kweli.

— Na kama ni ndoto, mwalimu, nani alikuwa amelala?

Pontien akalikata lile neno "Kumbe", akavuka barabara, akampa shofere karatasi.

— Padri akiniuliza ndoto iko wapi? aliuliza shofere, aliyekuwa amezileta zilipokataliwa.

— Mwambie minye nilitafuta kijiji kizima, sikuona muntu aliyelala. Akizirudisha, nitazituma tena.