Febronia Valeriani Libenanga, Mama wa Nyumba ya Udongo ya Lipangalala

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya, majirani, ndugu na marafiki, karibuni nyumbani kwa Mama Fulgensi. Angekuwepo mwenyewe angekwisha kuwapokea kwa kelele zake, angewaambia msibanane mlangoni, na angewatazama miguuni kuona kama mmejipangusa. Leo hawezi. Kwa hiyo familia inaomba nafasi ya kusema alikuwa nani, kabla hatujamtoa katika nyumba hii ambayo aliipigania hadi wiki hii.

Febronia alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Mchombe, mtoto wa tatu kati ya watano wa mzee Valeriani Libenanga na mama Aurelia. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mpunga. Kila msimu familia nzima ilifunga mlango wa kijijini ikahamia shambani, ikaishi kwenye kibanda cha nyasi mpaka mavuno, watoto wakishinda juani kuamia ndege wasile mpunga. Mpunga ukishaingia ghalani kibanda kinaachwa, na mwaka unaofuata kinajengwa kingine. Wenzake waliona ndivyo maisha yalivyo. Febronia alikuwa hajaanza hata shule, lakini kila kibanda alikifagilia uwanja wake na kuupangia magamba ya konokono mstari mzuri hadi mlangoni. Baba yake alimuuliza kwa nini anajisumbua na kibanda cha kuachwa. Akajibu, "Kwani saa hizi sisi si tunakaa humu?" Mzee Valeriani aliisimulia habari hiyo hadi uzeeni, na kila mara aliisimulia akicheka.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1974, akamaliza darasa la saba mwaka 1980. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na jambo hilo lilimuuma. Tusipambe wasifu kwa kusema halikumuuma. Mwaka 1982 masista walimpokea katika mafunzo yao ya ushonaji, akakaa huko miaka miwili. Alirudi nyumbani akiwa fundi, na ulimi wake nao umenolewa.

Mwaka 1984 alihamia Ifakara kwa shangazi yake, marehemu Natalia, akapata nafasi ya kuweka cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la mzee Kheri Amiri. Mzee Kheri alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, na alimpenda Febronia kama binti yake. Ndiye aliyemruhusu kuchukua bure vipande vilivyobaki baada ya kukata nguo. Mafundi wengine walivitupa au kuvifanya matambara. Febronia alivifua, akavipiga pasi, akavipanga kwa rangi ndani ya tenga. Safina, binti wa mzee Kheri, yuko nasi hapa leo, na anasema walimtania sana Febronia kwa tenga hilo. Walimwita bibi harusi wa matambara. Yeye aliendelea kupanga tu.

Tarehe 7 Oktoba 1989 alifunga ndoa takatifu na Hermenegildi Mkalimoto, dereva wa trekta, mtu mpole ambaye wengi wenu mnamkumbuka kwa kucheka kwake taratibu. Walianza maisha katika kiwanja hiki, kwa nyumba ya tofali mbichi yenye vyumba viwili, sakafu ya udongo na madirisha ya mbao. Febronia hakutaka kusubiri mpaka saruji ipatikane. Alisema nyumba inapambwa siku unayohamia, kwa kilichopo mkononi, na kama mkononi pana udongo basi itapambwa kwa udongo.

Hapo ndipo palipotokea kisa ambacho ukoo wa Mkalimoto haujamaliza kukicheka. Machi 1990, mvua zikiwa zimeshaanza, bibi harusi aliamua kupiga plasta ukuta wa sebule. Alifinyanga udongo na nyasi za mpunga alizozisomba kwenye uwanja wa kupuria, ukuta ukatoka laini kabisa, akaenda kulala ameridhika. Alichosahau, yeye binti wa Mchombe, ni kwamba nyasi za kupuria hazikosi punje. Unyevu haukuisha, na wiki ya pili sebule ilichipua mpunga kuanzia sakafuni hadi dirishani. Kuku wa jirani wakawa wanaingia na kudonoa ukuta. Hermenegildi alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni, akautazama ukuta.

"Mke wangu," akasema, "tupalilie au tusubiri kuvuna?"

Febronia alilia kwa hasira siku nzima. Halafu akaubandua ukuta wote, akapepeta nyasi nyingine punje kwa punje, akangoja kiangazi na kuanza upya. Tangu hapo hakuna aliyemwona akichanganya udongo bila kupepeta kwanza, wala hakumkasirikia tena mtu aliyemcheka. Alikuwa akisema kwamba ukuta ulimfundisha kazi, na mume alimfundisha kucheka.

Kidogo kidogo nyumba hii ikawa hivi mnavyoiona. Udongo mwekundu wa ukutani aliufuata kijiji cha Mbingu, chini ya milima, akaja nao ndani ya viroba juu ya keria ya basi. Aliuchanganya na uji mwembamba wa unga wa mchele ili rangi isimshike nguoni mtu akiegemea. Dari yake ni viroba vitupu vya mchele, alivyovifua na kuvishona pamoja, maandishi ya viwandani yakielekea juu ili wayasome panya. Viti vya sebuleni ni matairi chakavu ya pawatila, yale matrekta madogo ya kulimia mpunga, amevizungushia kamba ya katani na kuviwekea mito. Zulia ni vile vipande vya dukani kwa mzee Kheri. Taa ya katikati ni kibuyu alichokitoboa kwa msumari wa moto, na ukiwashwa umeme ukuta mzima unajaa nukta za mwanga. Wanawake wa mtaa huu walianza kuja kuchungulia, kisha wakaja kujifunza. Hakumfundisha mtu kwa maneno. Alimpa ndoo na kumwambia akanyage udongo.

Hermenegildi alifariki tarehe 2 Juni 2011. Febronia alibaki na watoto watatu na cherehani, akawasomesha wote. Hatutaeleza sana miaka hiyo, maana mwenyewe hakupenda ielezwe. Alishona mchana, na siku za Jumapili baada ya misa alitengeneza nyumba.

Sasa tuseme wazi jambo ambalo majirani mnalijua. Mtoto wake mkubwa, Fulgensi, alipopata kazi ya uhasibu Morogoro, alitamani kumjengea mama yake nyumba ya kisasa. Nia ilikuwa njema, asilaumiwe. Alitaka nyumba ya udongo ivunjwe na hapo hapo isimame nyumba ya tofali za saruji, yenye vigae na madirisha ya vioo. Mama yake alikataa. Mwaka 2017 Fulgensi alileta lori la tofali, akazipanga uani, akaondoka akiamini kwamba zikishakaa hapo mama atalegea. Alipokuja Krismasi alikuta tofali zake zimekwisha kuajiriwa. Sehemu imekuwa baraza mlilokalia leo, na mito yake. Sehemu imekuwa mfereji wa kutoa maji ya mvua. Zilizobaki zimezunguka bustani ya maua.

"Mama, zile tofali zilikuwa za nyumba!"

"Na hii ni nini, mwanangu? Ni zizi?"

Walinuniana mpaka mwaka mpya. Lakini ukweli ni kwamba maneno yale yaliendelea kila likizo, na hayakuwa utani tupu. Fulgensi aliona aibu mama yake kuishi katika udongo wakati yeye ana mshahara. Mama aliona mwanawe anataka kufuta kila alichokifanya kwa mikono yake na kukiita msaada. Wote wawili waliumia, na sisi ndugu tulikuwa katikati tukiwapitishia maneno.

Mwezi wa nne mwaka 2024 maji yaliingia. Mafuriko yalikaa humu ndani siku kadhaa, na yalipotoka yalikuwa yamebandua plasta yote ya chini katika ukuta wa sebule upande wa dirisha. Msingi haukutikisika. Mwaka huo huo Febronia alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, na hospitalini akaelezwa kwamba moyo wake umetanuka. Alikatazwa kuinua ndoo. Kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa sawa na kufungwa jela. Devota, binti yake, alimtunza usiku na mchana, akimfuatilia dawa na kumnyang'anya jembe. Devota, familia nzima inakushukuru.

Agosti mwaka huu Fulgensi alichukua likizo akaja na jambo moja: kumhamishia mama Morogoro karibu na matibabu, na kuita mafundi wabomoe. Mama alikuwa amekaa kwenye baraza, amefunikwa kitenge. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kitu ambacho si kawaida yake. Kisha akasema:

"Sawa. Nitakuruhusu ubomoe, ila kwa sharti. Ule ukuta uliolambwa na maji uupige udongo wewe, kwa mikono yako, mimi nikiwa naona. Ukimaliza, kama moyo wako bado unataka kubomoa, bomoa. Sitasema neno."

Fulgensi alidhani ni kazi ya asubuhi moja. Alivua saa, akakunja suruali. Mama alimwelekeza kutoka kitini: pepeta, kanyaga, ongeza maji, acha uchachuke, kanyaga tena. Plasta ya kwanza ilipasuka, akaambiwa abandue. Ya pili ilikuwa na matuta, mama akapitisha kiganja na kusema, "Hapa umepiga udongo, hujapiga ukuta. Toa." Mhasibu akatoa. Evod, mdogo wake, alipotaka kumsaidia alifukuzwa. Likizo ikaisha, Fulgensi akapiga simu kazini kuomba nyongeza. Siku hizo walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuyazungumza: vibanda vya Mchombe, marehemu baba, miaka ile ya cherehani. Devota anasema akiwa jikoni alikuwa akiwasikia wakicheka, na aliogopa kuingia asije akawaharibia.

Jumatatu ya tarehe 8 Septemba ukuta ulikamilika. Mama aliomba asogezwe karibu. Alipitisha kiganja kuanzia dirishani hadi pembeni, taratibu, mahali pote. Akasema, "Huu sasa ni ukuta." Hakumuuliza mwanawe kuhusu kubomoa. Alikuwa ameahidi hatasema neno, na ahadi yake aliitunza. Asubuhi iliyofuata, Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, alikunywa uji nusu kikombe, akalalamika kwamba umepoa, akajilaza. Mwenyezi Mungu alimchukua kabla ya saa nne, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Tumeumia sana. Tulijua anaumwa, na bado tumeumia kama watu walioshtukizwa.

Marehemu ameacha watoto watatu, Fulgensi, Devota na Evod, wajukuu wanne, mdogo wake Dionisi wa Mchombe, na dada yake aliyeolewa Mlimba. Ameacha pia rafiki wa maisha, Safina binti Kheri, na wanawake wengi wa Lipangalala ambao kuta zao zinamjua.

Limebaki jambo moja. Tangu juzi wengi wenu mmemwona mtu amesimama sebuleni kwenye ukuta wa dirishani, akiwazuia kuegemea. Wengine mmenung'unika kwamba msibani watu hawapangiwi pa kukaa. Ni Fulgensi. Ukuta haujakauka. Jana mzee mmoja wa jumuiya alimwita pembeni, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mama keshatangulia. Sasa huna wa kukuzuia. Unaanza lini kujenga?" Fulgensi akamjibu, "Kiangazi kijacho, baba. Naanza na ukuta wa jikoni. Udongo nitaufuata Mbingu mwenyewe."

Mama hakulisikia jibu hilo kwa masikio yake. Tunalisema sasa, mbele ya jeneza lake na mbele yenu nyote, ili asiondoke humu na wasiwasi. Mama Fulgensi, nyumba yako inabaki. Pumzika kwa amani.