Nafasi ya Bega Moja

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha usanifu cha kiwanda chetu cha kadi, Mama Kadi anastaafu tarehe 30 mwezi huu. Wasifu huu ulikuwa wa meneja kuuandika, lakini meneja akiandika watu husinzia, basi nikapewa mimi, mkata karatasi hodari kuliko wote hapa kiwandani. Shule niliipitia mlangoni tu, ila maneno ninayo.

Alianza na mkasi na gundi. Kompyuta ilipoletwa, wenzake walikaa mbali nayo kama itawauma. Yeye aliikalia mpaka ikamtii. Kadi za sikukuu za nusu ya mji huu zimepita mkononi mwake. Mjomba aliyefumba macho kwenye picha ya familia alifumbuliwa. Bwana mmoja aliomba apunguzwe kitambi, akapunguzwa hadi mkewe akarudisha kadi, eti huyu simjui.

Lakini ufundi wake hasa ulikuwa kuwaingiza wasiokuwepo. Mteja mwenye ndugu wa mbali aliambiwa: mkipiga picha, acheni nafasi ya bega moja. Mama Kadi alimtoa huyo ndugu kwenye picha nyingine, akampachika pale, akamtilia kivuli, familia ikatimia.

Naye alikuwa wa kupachikwa. Sikukuu ndiyo msimu wetu wa kazi, kwa hiyo wanawe walikula bila yeye, wakapiga picha bila yeye, wakamwachia nafasi. Kila mwaka alijiweka pale na gauni lile lile la bluu. Tukamtania kwamba wajukuu wanakua, bibi hazeeki.

Mwaka huu binti yake alituma picha yao tuitengenezee kadi. Nikamhimiza ajiingize upesi, mashine yangu inasubiri. Akajaribu kushoto. Akajaribu kulia. Akajiweka nyuma ya mkwe, likabaki paji la uso tu. Mwisho akajifuta.

"Tazama walivyosimama, mwanangu," akasema. "Wamebanana. Hakuna aliyesogea."

Kadi nilizikata, kingo zimenyooka kama kawaida yangu, zikaenda bila yeye.

Sasa sikukuu zote ni zake, na hakuna kati yetu anayejua atazipeleka wapi.

Mama, asante kwa kila uso uliotafutiwa mahali na mikono yako. Tunakuombea afya na miaka mingi ya utulivu. Na sikukuu ijayo nenda kwa wanao mapema, ufike kabla hawajajipanga.