Seferino Alionzi, Anayelala Kwenye Mtama wa Mkewe

Ndugu waombolezaji, tunajua mmekuwa mkiulizana tangu asubuhi kwa nini kaburi limechimbwa katikati ya mtama ambao haujavunwa, lakini vuteni subira, maana maisha ya marehemu yenyewe yatawajibu.

Marehemu Mzee Seferino Alionzi alizaliwa tarehe 12 Machi 1961 hapa Aroi, mtoto wa tatu wa hayati Anguzu na hayati Natalina, na kazi yake ya kwanza duniani ilikuwa kufukuza kasuku wa kijani kwenye mtama wa mama yake, kazi aliyoifanya vibaya sana, kwa kuwa alisimama kushangaa mkufu mwekundu ulio shingoni mwao, nao wakila.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa na sekondari mjini Arua, vita vya 1980 vikamkimbiza Kongo, akarejea 1986, na mwaka 1988 akapata nafasi ya kusomea misitu kusini mwa India. Huko alikuta kasuku wa kila namna, wengine vichwa vya zambarau, wengine kijivu na buluu, akawaandika wote daftarini, lakini aliyemnyima usingizi ni yule yule wa Aroi, mkia ule ule, mkufu ule ule, na tabia ile ile ya kula jasho la watu. Nani alimtembelea mwenzake, wa huku au wa huko? Aliwauliza walimu wake, majibu yao hayakumtosha, akarudi na swali lake 1990.

Alifanya kazi ofisi ya misitu Koboko kuanzia 1991 hadi alipostaafu Juni 2021. Tarehe 19 Desemba 1992 alifunga ndoa na Filda huko Awindiri, wakajaliwa Ritah, Adrabo na Pasca. Mama Filda ni mkulima, na ndoa yao ilikuwa njema isipokuwa miezi ya mtama kukomaa, maana mzee alikataza mtu yeyote kugusa ule mti mkavu nyuma ya nyumba, ambamo kasuku hutaga, naye mama alisema wazi kwamba siku mzee akifa, mti nao utaanguka.

Alianza kuugua ini mwezi Mei, akalazwa Arua mara mbili, akafariki Alhamisi tarehe 4 Desemba 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Wazee wa ukoo waliamua alale kando ya baba yake, pale penye mti, na jana vijana wakaja na shoka. Mama Filda akatoka, akasikia makinda wakilia ndani ya shimo la mti, akasema, "Hapana, hii ndege iko na watoto. Chimba kule, kwa mtama yangu." Mistari sita aliikata mwenyewe, kwa panga, huku akilia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Aroi, wenzake wa Koboko, na ninyi nyote mnaojitahidi kusimama bila kukanyaga mtama.

Pumzika kwa amani, mzee wetu, na kasuku wakija kula hapo juu yako, mama amesema tusiwafukuze.